Kiuno Changu na Midomo ya Kasongo

Siku niliyojua kwamba mwili unanirudia nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la chumba changu cha ushonaji, metre ya kupimia nguo imezunguka kiuno. Tisini na moja. Mwezi mmoja kabla ilikuwa themanini na saba. Nikaifungua, nikajipima tena, mara hii nimevuta tumbo ndani kama wateja wangu wanavyofanya wakidhani sioni. Tisini na moja na nusu! Nikatukana kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri kupimwa akauliza kutoka upande wa pili wa pazia kama nimejichoma.

"Kidole tu," nikamjibu. "Subiri."

Mimi ni mshonaji. Nimepima wanawake wa mji wetu wa Kasongo miaka kumi na tano, wanene kwa wembamba, wenye mimba wanaoificha na wasio na mimba wanaoitamani, na sijawahi kukosea sentimita nne. Kwa hiyo sikujidanganya. Nilikaa juu ya furushi la vitambaa, nikamwacha yule mama asubiri.

Asije mtu akadhani nilikuwa nalilia urembo. Urembo shauri yake. Nilikuwa nayalilia macho yangu. Kabla ya kupasuliwa nilikuwa na kilo mia moja thelathini na nne, na sukari iliyokuwa inapanda haijali dawa wala dua. Sukari hiyohiyo ilimkata baba yangu mguu, kisha ikampofusha, kisha ikamzika, kwa mpangilio huo. Mwaka wangu wa mwisho wa unene nilikuwa nawapa wateja sindano wanitungie uzi, najifanya mikono yangu ina mafuta. Daktari wa Bukavu aliniambia bila kuzunguka: kilo zikibaki, sukari itabaki, sukari ikibaki, macho yataondoka. Kaka yangu, mfanyabiashara wa dhahabu kule Salamabila, akanipeleka India. Wakalikata tumbo langu la chakula wakaniachia kipande kinachojaa kwa kikombe kimoja. Mwaka na nusu baadaye nilikuwa na kilo sabini na nane, sukari imetulia, dawa zake zote zimesimamishwa, na nilitunga uzi mweusi kwenye sindano nyembamba mara ya kwanza tu. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani kama mwenda wazimu.

Ndiyo maana kila sentimita iliyorudi niliisikia kwenye macho.

Kasongo haikupiga vigelegele. Mimi ni mjane, na mjane akikauka ghafla watu wanajua wenyewe ni ugonjwa gani aliachiwa na mumewe, hawahitaji kuuliza. Kuwaeleza kwamba nilipanda ndege kwenda kukatwa tumbo kwa hiari yangu? Thubutu! Mama yangu mwenyewe alinikataza. "Sema ulienda kutibiwa, basi," aliniambia. "Mengine ni ya ndani ya nyumba." Tukakaa na siri yetu, nao wakakaa na maneno yao.

Nilizoea. Mama hakuzoea. Siku moja tulikuwa kwenye matanga ya jirani, wanawake tumekaa watano watano kuzunguka sinia la wali. Nilipoingiza mkono wangu, mikono mingine ikatoka. Mmoja alikumbuka ana mtoto wa kunyonyesha, mwingine alisema ameshiba kabla hata hajala. Nikabaki na sinia zima mbele yangu, mimi ninayeshiba kwa tonge nne. Mama alikuwa sinia la jirani, akaona yote. Akanawa mikono, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka bila kuaga wafiwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Wiki hiyohiyo alianza kuniletea uji. Uji wa mchele na karanga zilizosagwa, mwepesi, ndani ya thermos nyekundu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alikuwa anapita kwangu, anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, anamimina kidogo kwenye kifuniko, anaonja, kisha ananipa. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Mtu hakupi kinywaji bila kukionja mbele yako, hata awe aliyekuzaa, maana hofu ya sumu ni kubwa hapa na heshima ni kumwondolea mwenzako hofu hiyo kabla hajaisema. Tumbo langu dogo liliupenda ule uji. Nikamwambia Mama amenirudisha utotoni, akacheka.

Sasa, baada ya ile tisini na moja, ikaja tisini na nne. Ikaja tisini na nane. Uso ukaanza kuwa duara. Nyuma ya shingo kikaota kinyama kilichosukuma kola za nguo zangu. Mikono na miguu ilibaki myembamba, tumbo peke yake likawa linatangulia mlangoni. Na watu, wale wale wa sinia, wakaanza kufurahi!

"Eh dada, sasa uko mutu!" aliniambia mmoja sokoni, ananishika shavu. "Uso umejaa. Mungu iko mukubwa."

Nilitaka kumwambia huyo Mungu wake amuulize vizuri amejaza nini. Nikasema aksanti.

Nilipunguza wali. Nikaacha mafuta ya mawese kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nikawa natembea asubuhi hadi barabara inayoelekea Nyangwe na kurudi, huku madereva wa pikipiki wananipigia honi wakidhani nimekosa usafiri. Metre haikujali. Na ukweli wote niuseme: nilikuwa na njaa. Miaka miwili sikujua njaa ni nini, nilikula kwa kukumbushwa. Sasa njaa ilikuwa inaniamsha. Siku moja nilijikuta nimeinamia chungu cha sombe nakomba kwa kidole, mwanamke mzima, nimeshiba na bado nakomba. Nililia pale pale jikoni. Niliona nimelirudisha lile tumbo walilonikata, nimelikuza upya kwa ulafi wangu.

Nikampigia simu daktari wa Bukavu, aliyekuwa ananifuatilia tangu nirudi.

"Unakunywa dawa gani?" aliuliza. "Za viungo? Za pumu? Za ngozi? Kuna dawa zinazorudisha kilo hata kwa mtu aliyepasuliwa, na sukari zinaipandisha pia. Fikiri vizuri."

"Sinywi kitu. Vitamini zako tu."

"Una uhakika?"

"Daktari, mimi si mtoto."

"Basi unakula," akasema.

Nikamkatia simu. Nina ulimi mkali na kidole cha kukata simu ni chepesi zaidi. Lakini maneno yake yalibaki, kwa sababu nilikuwa nakula kweli.

Jumatatu moja nikatoa kile kimashine cha kupima sukari, nilichokuwa nimekifungia kabatini. Mia moja tisini na nane, kabla sijatia kitu mdomoni. Nikabadilisha kidole: mia mbili na tatu. Nikachukua sindano na uzi nikajaribu. Ilipita mara ya tatu. Labda ni hofu iliyonitetemesha, labda ni macho, sikujua, na kutojua kulinitesa kuliko kujua. Kuanzia hapo kila asubuhi nilikuwa natunga uzi kabla ya kusalimia mtu. Ukipita mara ya kwanza, siku ilikuwa yangu. Usipopita, nilikuwa mkali kwa kila aliyeingia, na wateja wawili walihamia kwa mshonaji mwingine, wana haki yao.

Nikaamua kufanya la mwisho nililoliweza. Nikaacha kila kitu chenye wanga. Mama alipokuja na thermos nikamwambia kabla hajakaa:

"Mama, uji basi. Usilete tena."

Alisimama na ile thermos kifuani. "Ju ya nini? Uji ni maji tu."

"Ni mchele. Nakwisha, Mama. Sukari imerudi."

"Imerudi?" Uso wake ulibadilika, nami nikadhani ni huzuni ya kawaida ya mama. "Kunywa hata ya leo tu. Kidogo."

"Hapana."

"Kidogo tu, mutoto wangu."

"Nimesema hapana! Unataka nife kama Baba?"

Akaondoka. Nilimwona kwenye kona amesimama, anageuka kuniangalia, anaendelea, anasimama tena. Nilijisikia vibaya, lakini nilikuwa nimeshika njia yangu.

Siku ya pili viungo vyote vikaanza kuniuma kama niliyelima shamba la watu kumi. Siku ya tatu nikatapika maji. Siku ya nne nilikuwa nakata gauni la harusi, nikaona meza inasogea. Nikausukuma mkasi kando nisije nikauangukia, ndilo jambo la mwisho ninalolikumbuka vizuri. Nilipozinduka nilikuwa juu ya pikipiki, dereva mbele, mimi katikati kichwa kimelala mgongoni kwake, na nyuma yangu Mama amenizungushia mikono yake yote miwili ananifunga na kitenge chake nisidondoke. Alikuwa analia sikioni mwangu. "Miye, miye, miye," alikuwa anasema, na sikuelewa anasema nini.

Hospitalini presha ilikuwa imeshuka hadi nane kwa tano. Sukari, iliyokuwa mia mbili, sasa ilikuwa hamsini na nane. Daktari wa pale alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, asiye na haraka. Alinifunua tumbo akaona michirizi ya zambarau. Akanigeuza shingo, akabonyeza kile kinyama. Akaangalia mikono yangu yenye mabaka ya damu, niliyodhani ni ya kujigonga mezani.

"Kortizoni," alisema. "Umekunywa muda gani, na umeiacha lini?"

"Sijanywa kortizoni."

"Dada, hapa sitafuti kosa lako. Mwili ukizoea dawa ile, ukiikata ghafla, unazimika. Nikikutibu bila kujua, naweza kukupoteza. Umekunywa nini?"

"Naapa kwa kaburi la baba yangu, sijanywa kitu!"

Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa naogopa, kwa sababu nilimwona hajaniamini na ameanza kufikiria ugonjwa mwingine. Ndipo Mama, aliyekuwa ameegemea ukuta, akainama. Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, pale wanawake wanapofunga vitu vyao, akatoa kipande cha plastiki. Akakiweka juu ya kitanda, karibu na mguu wangu. Vidonge vidogo vyeupe, na vingine vya kijani.

"Ni hizi, munganga," alisema. "Nyeupe tatu, ya kijani moja. Nasaga, natia mu uji. Tangu kisha Ramazani."

Daktari alivichukua akaviangalia. Ni vidonge ambavyo kila mwanamke wa hapa anavijua. Vinauzwa sokoni, na mabinti wanaoandaliwa ndoa wanapewa wanenepe, wajae mashavu na makalio, bwana harusi asije akaambiwa amepewa mti. Cheupe, ambacho ndicho hiyo kortizoni, kinavimbisha, cha kijani kinafungua hamu ya kula. Mimi mwenyewe nimeshona mara ngapi magauni ya mabinti hao, nikayapanua kabla ya siku ya harusi, nikicheka nao!

"Ulikuwa unaonja," nilimwambia Mama. "Kila siku ulikuwa unaonja mbele yangu."

"Nilionja," alisema. "Dawa haiko sumu. Niliona haiko sumu."

"Unajua nilichokifuata India? Unakijua au hukijui?"

"Walitosha mikono mu sinia, waliitoa yote," Mama akasema. "Niliona. Mutoto wangu, walitosha mikono."

Nilimchukia. Nasema kama lilivyokuwa. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na nikamwambia atoke, na mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka hadi usoni asinisikie. Mama hakujitetea tena. Akatoka, akakaa kwenye baraza, chini.

Wakanitundikia maji na kunichoma sindano, na jioni ile ile nikaweza kukaa. Nilidhani mambo yamekwisha: tumejua, tunaacha, kilo zinashuka. Daktari akatikisa kichwa. Mwili wangu ulikuwa umesahau kutengeneza kortizoni ya kwake, alieleza. Ilikuwa lazima nimeze dawa ya jamii ileile, ya hospitali, kwa kipimo, nikipunguza kidogo kidogo wiki kwa wiki, hadi mwili ukumbuke kazi yake. Kile cha kijani ndicho cha kutupa.

"Ile ile inayonipandishia sukari?"

"Ileile. Na sukari tutaipima kila siku."

"Na kilo?"

"Kilo baadaye. Kwanza uishi."

Kisha akafanya jambo ambalo sikumsamehe mara moja. Alimwita Mama kutoka barazani, akampa yeye ile bahasha ya vidonge, si mimi. Mama hajui kusoma, kwa hiyo alimchorea kwenye karatasi: kidonge kizima, nusu, robo, na alama za siku. "Utamupatia wewe kila asubuhi, na utamuangalia akimeza," alisema. "Huyu ataruka dawa. Anauogopa unene kuliko kufa."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Ningeruka siku ya kwanza.

Basi Mama akarudi kwenye kigoda chake karibu na cherehani. Thermos hakuja nayo tena. Alikuja na kidonge kwenye kiganja kilichofunguliwa, na wembe wa kukatia nusu, na ile karatasi aliyoikunja mara nne. Wiki mbili za kwanza sikumsalimia. Nilichukua, nikameza, nikafungua mdomo kumwonyesha kwa kejeli, kama mtoto mtundu. Yeye alisema "Aksanti," akatia alama kwenye karatasi kwa kalamu ya mkaa. Kila asubuhi nilichoma kidole mbele yake na kumsomea namba kwa sauti, nikitaka zimuume. Mia moja tisini. Mia moja sabini na nne. Mia moja themanini na moja, na siku hiyo sikula hadi saa kumi, kwa hofu. Mia moja sitini. Uzi ulipita, haukupita, ukapita. Kiuno kilikaa palepale kwenye mia moja na mbili, hakipandi, hakishuki, nami nilikuwa nakipima asubuhi na jioni kana kwamba kitaona aibu.

Tulikuwa tumefika kwenye nusu kidonge siku alipoingia mama mmoja na kitambaa cha harusi ya binti yake. Nilimjua vizuri. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kutoka kwenye lile sinia. Ndani walikuwepo wanawake wengine wawili wanasubiri nguo zao, na Mama kwenye kigoda anashona vifungo, kazi aliyojipa mwenyewe bila kuombwa.

Yule mama alinizunguka akiniangalia. "Dada, umependeza! Mutoto wangu iko mukavu sana, na harusi iko karibu. Niambie ulikunywa nini wewe, mpaka uso ukajaa hivi?"

Nilifungua mdomo nimpige na jibu. Mama alinitangulia. Aliweka sindano chini, akasimama.

"Nilimupatia miye," alisema. "Mutoto wangu walimupasua tumbo kule India ju ya sukari, ile ya baba yake. Ndiyo alikonda. Haiko na ule ugonjwa wenye mulikuwa munasema. Miye niliona haya ju ya midomo yenu, nikamutilia dawa ya kunenepesha mu uji, bila yeye kujua. Nikakaribia kumuzika. Sukari imerudi, macho yake sijui. Ni miye nilifanya." Akawaangalia mmoja mmoja. "Sasa endeni mukaseme."

Nilitaka kumfunika Mama na kitu, kitambaa, mikono yangu, chochote, maana nilijua jambo hilo lilimgharimu nini, mwanamke aliyeondoka matangani bila kuaga kwa ajili ya aibu. Hasira yangu sikujua nimeiweka wapi.

Yule mama wa harusi alikaa kwenye benchi, kitambaa mapajani. Akafungua mkoba wake polepole, akatoa kipakiti cha plastiki, akakiweka juu ya meza yangu ya kukatia. Nyeupe na kijani. Kilikuwa kimebaki chini ya nusu.

"Ni mwezi wa tatu," alisema, sauti ndogo. "Anameza mwenyewe, hakatai. Juzi aliniambia macho yake yanaona ukungu, nikamwambia ni furaha ya harusi." Akamwangalia Mama, si mimi. "Nitupe leo?"

"Usitupe!" Mama alisema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia. "Ukimukatia leo, ataanguka. Muchukue mutoto, tuende naye hospitali kwa munganga sasa hivi. Nitakuonyesha munganga mwenyewe."

Akajifunga kitenge, akatafuta kandambili zake chini ya cherehani. Mlangoni akageuka, akanikumbusha kwamba nusu yangu ya leo iko kwenye kisahani, nimeze yeye akiwa bado anaona. Nikameza.